Ndama wa Sumaku

Siku meneja alipotutangazia kwamba kiwanda kinaleta mtambo usio na mkanda, alitutazama mimi na mzee kwa jicho la huruma ambalo sikulipenda hata kidogo. Sisi wawili ndio tuliokuwa mafundi wa mikanda. Kila chupa ya mafuta ya alizeti na ya pamba iliyotoka kiwandani kwetu, pale nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilikuwa imepita juu ya mkanda au mnyororo ambao mmoja wetu aliukaza, akaupaka grisi, akautukana, na akauunganisha ulipokatika. Sasa tunaambiwa unakuja mtambo usiokatika, usiotaka grisi, na kwa jinsi meneja alivyokuwa akiusifia, nilihisi hata kutukanwa hautakubali.

Alihesabu kwa vidole. Hauna mkanda, hauna mnyororo, hauna kelele. Alipofika kidole cha nne akakohoa kidogo, akasema kwamba kwa sababu hiyo idara ya ufundi itabaki na mtu mmoja, na kwamba uongozi utatumia busara kumpata huyo mmoja. Watu wakapiga makofi. Kwetu mkutano wa wafanyakazi hufanyika kabla ya chai, kwa hiyo watu hupiga makofi mapema ili chai isipoe. Mzee alipiga makofi, nami nikapiga.

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika pale na stashahada yangu ya umeme na mitambo, najua kanuni zote za mota, sijui kufungua hata kikinga cha mnyororo. Alininyang'anya spana iliyokuwa kinyume mkononi mwangu, akaigeuza, akanirudishia, na hakulisema jambo hilo kwa mtu. Yeye hakuwa na cheti cha kitu chochote. Ujana wake wote aliumalizia kwenye maduara ya upande wa Geita, yale mashimo ya wachimbaji wadogo ambayo mtu hushuka kwa kamba na kupanda kwa kudra. Duara moja lilimwangukia akiwa ndani. Alikaa chini siku mbili na wenzake wawili, akatoka peke yake. Siku alipotoka alimwapia mkewe kwamba hatashuka tena chini ya ardhi mpaka siku atakayoshushwa na watu wengine. Baada ya hapo alikwenda kubeba vyuma kwenye mgodi mkubwa, akajifunza kuunganisha mikanda kwa kutazama, na mwishowe akafika kwetu.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Mimi nikiondolewa, nitazunguka na bahasha yangu ya vyeti kama vijana wengine. Yeye akiondolewa, shamba ndugu zake walishaligawana, umri umekwenda, karatasi hana. Alinieleza hivyo hivyo tukiwa tumekaa nyuma ya stoo tunakula matobolwa, vile viazi vya kukausha, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Kilichokuwa kinamsubiri ni duara.

Mtambo ulikuja kwenye masanduku ya mbao mazuri kuliko milango ya nyumba ninayopanga mtaa wa Kambarage. Pamoja nao alikuja mhandisi wa wauzaji, mtu mpole kutoka ng'ambo, aliyekunywa maji ya chupa hata wakati wa kupiga mswaki. Kwa ualimu simwonei, alikuwa mzuri. Alichora ubaoni mota ya kawaida, ile ya duara inayozungusha mashine ya kusaga unga. Halafu akaichora imepasuliwa upande mmoja, ikakunjuliwa, ikalazwa chini kama mkeka. Kile kilichokuwa kinazunguka, alisema, sasa kitakwenda mbele. Hiyo ndiyo mota ya mstari. Reli imejaa koili za waya wa shaba, na juu ya reli vinapita vibebeo vidogo vya magurudumu, kila kimoja na sumaku mbili tumboni. Koili ya kwanza inapata umeme, inavuta, inaachia. Inavuta ya pili, inavuta ya tatu, na kibebeo kinaukimbilia mvuto huo bila kushikwa na kamba wala mnyororo. Kila kimoja kina mwendo wake. Hiki kinasimama chini ya bomba la kujazia, kile kinakwenda kufungwa kifuniko, na cha nyuma kinapunguza mwendo chenyewe kisimgonge mwenzake.

Mzee alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akaniambia kwamba ni jambo la akili, kwa sababu mkanda ukikatika wote wanasimama, lakini hapa akisimama mmoja unamtoa huyo mmoja. Mhandisi alitumia ukurasa mzima wa kitabu chake kusema jambo hilo.

Jina la vibebeo halikudumu hata siku mbili. Akina mama wa kufunga katoni walivitazama vinavyokuja kwa foleni, kila kimoja kikienda pahali pake bila kuswagwa, wakaviita ndama. Kuanzia hapo meneja peke yake ndiye aliyebaki anasema vibebeo, tena mbele za wageni tu. Tulikuwa na ndama sitini. Ningependa kusema kwamba niliwachukia, kwa ajili ya mzee, lakini ningekuwa naongopa. Niliwapenda. Niliwahi kazini asubuhi ili niwaone wakiamka, na nikirudi nyumbani niliona aibu kwa kupenda kitu kilichokuja kumla mtu ninayemheshimu.

Mafunzo yalikuwa na mtihani, na mtihani ulikuwa kwenye kompyuta, kwa Kiingereza. Mzee aliruhusiwa kujaribu, nikamtafsiria. Swali moja liliuliza ufanye nini hitilafu ikitokea. Mzee akasema unamfungua ndama unaangalia. Jibu sahihi lilikuwa ni kumpigia simu muuzaji. Swali la pili liliuliza ufanye nini ikiwa muuzaji hapatikani. Mzee akasema basi sasa ndiyo unafungua kweli. Jibu sahihi lilikuwa kusubiri. Alifeli kwa namna hiyo kuanzia juu hadi chini, na mimi nikafaulu, nikapigwa picha nimeshika cheti, meneja kushoto, mhandisi kulia. Kisha wakabandika kwenye reli kibandiko chekundu kisemacho kwamba mtu asiye na cheti haruhusiwi kugusa, na kwamba akigusa dhamana inakufa. Mhandisi akapanda ndege akaenda zake.

Ikabaki sherehe. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua, na meneja akaanza kukosa usingizi kwa sababu ya ua. Ardhi yetu pale ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha magari yanazama, jua likiwaka ardhi inapasuka nyufa za kumeza kandambili. Meneja aliona aibu kumpitisha mgeni rasmi hapo. Mtu huyu, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, alilelewa dukani na hawezi kuona kitu kinatupwa asiulize kinatupwa kwa nini. Akapata habari kwamba upande wa Segese kuna vilima vya marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa kwenye makarasha na kuoshwa. Mchanga mlaini, mkavu, na wenyewe wanataka kuuondoa. Malori yakaanza kumwaga. Niliuliza kama ni sawa kutandika marudio kwenye kiwanda cha chakula, maana wale watu huosha dhahabu kwa zebaki. Nikaambiwa nisiwe mtu wa kukatisha tamaa. Ua ukasawazishwa ukapendeza, na meneja akawa anawatania wageni kwamba wanakanyaga dhahabu.

Upepo wa kiangazi ulipoanza, ndama wakaanza kugoma.

Kwanza ilikuwa mara moja kwa siku. Taa nyekundu inawaka, ndama mmoja anatetemeka mahali alipo, wenzake wanapanga foleni nyuma yake kwa adabu. Halafu ikawa mara tatu, halafu ikawa kila nikikaa. Nilifuata kitabu. Nilimpigia muuzaji. Mhandisi alitokea kwenye skrini akiwa na kikombe, akasikiliza, akasema tuzime tuwashe upya. Tulizima tukawasha upya. Kesho yake alitokea na kikombe kingine na ushauri ule ule. Alinitumia programu mpya mara mbili, na ndama wakaipokea programu mpya na kuendelea kugoma kwa programu mpya.

Meneja hakukaa bure. Siku moja alialika shehe na mchungaji, kwa saa ile ile, ili upande wowote usinung'unike. Wote wawili waliomba vizuri sana, na mtambo ukaenda bila kusimama mpaka wakati wa chakula cha mchana. Baada ya chakula ukasimama, na kila upande ukabaki unautazama mwingine.

Wakati huo huo habari zilishafika Tinde kwamba kiwandani kuna sumaku kubwa inayovuta dhahabu kutoka ardhini, na ndiyo maana ua ulimwagwa mchanga wa mgodini. Wanunuzi wa dhahabu walianza kuja getini, wamevaa vizuri, wanauliza kwa upole kama kuna ndama anauzwa, hata mbovu. Mzee aliwaambia kwamba kama sumaku ingevuta dhahabu yeye asingekuwa fundi wa mikanda. Hawakumwamini, wakaona anaficha mali.

Mambo yangebaki ya kuchekesha, ila mtu mmoja ofisini alinong'ona kwamba mzee ameuwekea mtambo kitu. Ana sababu, walisema. Mtambo ukifa, mkanda utarudi, naye atabaki. Mlinzi akaanza kumpekua mfuko wake anapoingia, mtu aliyekuwa akimwamkia shikamoo kila asubuhi. Sasa anaamkia na kupekua kwa pamoja. Meneja aliniita ofisini akaniuliza kama nimemwona mzee akifanya lolote. Nikamjibu kwa ukali kuliko ilivyonipasa. Akaniambia nisipaze sauti, kwamba mgeni rasmi anakuja baada ya siku kumi, na kwamba mtambo ukimwaibisha siku hiyo, swali la nani aondoke litakuwa limejijibu.

Jumapili ni siku ya usafi. Kiwanda kimesimama, mimi nafuta reli kwa kitambaa kilichoelekezwa kitabuni. Mzee alikuja kunisindikiza, akasimama nyuma ya kibandiko chekundu kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa na kuambiwa muda wa kuona wagonjwa bado. Nilimtoa ndama mmoja nikampindua. Tumboni, juu ya sumaku, alikuwa ameota manyoya meusi. Nilikuwa nimeyaona tangu wiki ya kwanza. Nilidhani ni uchafu wa mafuta na vumbi, nikawa nayafuta, nayo yanahama kutoka pembe hii kwenda pembe ile na kusimama tena wima. Kitabu hakikuyataja, kwa hiyo na mimi sikuyataja.

Mzee aliniomba nimlete karibu na dirisha. Akainama akatazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwona akicheka ndani ya jengo lile.

"Hii naijua tangu sijaoa, mayu," alisema.

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita siku zote, ingawa anaweza kunizaa mara mbili. Alitoka nje, akarudi na karai la maji na viganja viwili vya mchanga wa uani. Akachuchumaa akaanza kulitikisa karai kwa duara, akimwaga maji kidogo kidogo, na mikono yake ikawa mikono ya mtu mwingine kabisa, myepesi, isiyo na umri. Mchanga mweupe uliondoka na maji. Pembeni mwa karai ukabaki mstari mwembamba mweusi. Aliniambia nisogeze ndama. Kabla sijafika, ule mstari uliruka ukamganda tumboni.

Ulikuwa mchanga mweusi, chembe za chuma zinazokaa na dhahabu. Mchimbaji yeyote wa mwaloni, pale wanapooshea, anaujua, kwa sababu ndio adui wa mwisho: ukishaosha yote unabaki na dhahabu na mchanga mweusi, na unautoa kwa sumaku. Dhahabu haifuati, mchanga unafuata. Meneja alikuwa ametandika malori na malori ya vitu hivyo chini ya madirisha ya mtambo wenye sumaku mia moja na ishirini. Upepo ulifanya yaliyobaki. Ndama walikuwa wanasaga mchanga huo kati ya tumbo na reli mpaka wanashindwa kwenda, na mhandisi wa ng'ambo anatuambia tuzime tuwashe.

Nikamuuliza unaondokaje, maana mimi nimeufuta mpaka vidole vimechubuka. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Sumaku hailambishwi mchanga ikiwa uchi, alisema. Mwaloni mtu huivika nailoni kwanza. Mchanga unagandia nailoni. Ukishajaa unachomoa sumaku kwa juu, mchanga wenyewe unaanguka. Asiyejua hilo anashinda anakwangua sumaku kwa kucha mpaka wenzake wanauza na kwenda nyumbani.

Akatoa mfukoni mfuko wa nailoni, ile iliyopigwa marufuku nchi nzima, ambao alifungia tumbaku yake. Tukakata kipande, tukamvika ndama wa kwanza, nikamrudisha relini, nikawasha. Akaenda. Baada ya hapo tukakumbuka kwamba stoo yetu imejaa mabunda ya nailoni nyembamba ya kufungia katoni, iliyo halali kabisa, na tukashinda mchana mzima tunawavika ndama. Mimi niliwashika, yeye akawavika, kwa sababu vidole vyake ndivyo vilivyojua kuvuta nailoni isifanye mkunjo. Kibandiko chekundu kilikuwa nyuma ya mgongo wake. Kisha akaziba kwa magunia matundu ya upande wa uani, akaukokota mpira wa maji akamwagia ua wote. Saa kumi na moja jioni tulikaa tukanywa soda, na nilikuwa na furaha ambayo kazi hiyo haijawahi kunipa tena.

Jumatatu ndama hawakugoma. Jumanne hawakugoma. Meneja alikuja akainama, akaiona nailoni, akanitazama. Nikamweleza yote, karai na mchanga na tumbaku. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mzee aliyekuwa kwa mbali anamwagia ua maji, akasema yeye hajaona kitu. Tulipofika kwenye korido, pasipo na watu, aliniambia kwamba mzee hataondoka. Atahamishiwa kwenye orodha ya wahudumu wa ua, atamwagia maji na kukata nailoni, mimi nitazibandika. Ila iwe kimya kimya, alisema, na yule mtu wa ofisini ataambiwa afunge mdomo.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi niliwaka. Mtu ameokoa kiwanda kizima, aandikwe mmwagia maji?

Sherehe ilikuwa kama sherehe. Maturubai, kwaya, matarumbeta, mgeni rasmi aliyechelewa kiasi kinacholingana na cheo chake. Meneja alimkabidhi ndama mmoja aone, asiyevikwa, ili apendeze. Mgeni rasmi akampokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umeshika mkasi wa kukatia utepe. Mkasi ukaruka ukamng'ang'ania ndama, na watu watatu wa itifaki wakawa wanavuta. Utepe ulikatwa kwa kisu cha kukatia keki. Katika hotuba yake mgeni rasmi alisema huu ni mtambo unaojiendesha wenyewe, usiohitaji mkono wa mtu, na mzee aliyekuwa ameuvika nailoni mpya asubuhi hiyo alipiga makofi na wenzake, safari hii chai ikiwa tayari mezani.

Wauzaji wakasikia kwamba tumepona, wakaandika kutaka kujua tumefanyaje. Meneja akanipa kazi hiyo, akasema niandike kifupi. Nilimwambia mzee kwamba sasa dunia itamjua. Alikuwa anakunja mpira wa maji. Hakunyanyua kichwa.

"Mimi usiniweke kwenye karatasi, mayu. Karatasi zinanijua vibaya."

Nikaona ni unyenyekevu wa wazee wetu, ule wa kukataa sifa mara mbili ili upewe ya tatu. Niliandika kurasa nne. Jina lake nililiweka mstari wa kwanza, jina kamili, la ubini na la ukoo. Nilieleza alivyogundua, alivyoosha mchanga kwenye karai, alivyowavika wote sitini kwa mikono yake. Niliambatanisha picha niliyompiga, ameshika ndama kama mtu aliyeshika mtoto wa mjukuu. Nilikuwa nimeona maisha yangu yote watu wa namna yake wakifanya kazi na watu wa namna yangu wakipigwa picha, na nikaamua mara hii mimi nitakuwa mtu wa haki. Nilijisomea kwa sauti mara mbili kwa jinsi nilivyojipenda. Kisha nikatuma kwa wauzaji, nakala kwa meneja, nakala kwa wenye kiwanda.

Jibu lilikuja baada ya wiki, la heshima sana. Walitupongeza kwa ubunifu. Walisema wataangalia uwezekano wa kuwatengenezea ndama vifuniko katika toleo lijalo. Halafu, kwa masikitiko, wakasema kwamba kwa kuwa ripoti yetu wenyewe inathibitisha vibebeo vyote sitini vimeshikwa na mtu asiye na cheti, dhamana imesimamishwa mpaka uongozi uthibitishe kwa maandishi kwamba mtu huyo, na hapo walimtaja kwa jina lake kamili, la ubini na la ukoo, hayupo tena katika eneo la kiwanda.

Meneja aliweka barua mezani kwangu akaniambia nisome mwenyewe. Nilimsubiri anifokee, ningejua la kufanya na kelele. Hakufoka.

"Nilikuwa nimeshamficha," alisema, akatoka.

Walimuaga vizuri, siwezi kusema hawakumuaga. Katoni ya mafuta, saa ya ukutani, na cheti cha shukrani chenye fremu, meneja kushoto, mimi kulia. Kilikuwa cheti chake cha kwanza.

Nilikaa miezi miwili kabla sijapata ujasiri wa kwenda Segese. Nilikwenda Jumamosi, nikauliza kwenye makarasha, wakanielekeza. Nilimkuta mdomoni mwa duara amekaa juu ya magogo, kofia ya taa magotini, anasubiri zamu. Amekonda. Aliponiona alinyanyuka na kuwaambia wenzake kwamba huyu ni fundi wangu, huyu anaendesha mtambo unaokwenda kwa sumaku tupu, na wale watu wenye vumbi mpaka kwenye kope wakanipisha nikae. Niliomba tusogee pembeni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Shinyanga, na yote yakanikimbia, nikabaki na moja: kwamba nilitaka wajue ni yeye.

"Walijua, mayu," alisema. Hakuwa na hasira, alinieleza kama anavyoeleza mkanda. "Meneja alijua, mlinzi alijua, akina mama wa katoni walijua. Wewe ukawaandikia wauzaji."

Nililia mbele za watu wote wale. Alisubiri nimalize. Halafu zamu yake ikaitwa, akavaa kofia, na akiwa anajifunga kamba akaniomba jambo moja. Nikipita nyumbani kwake nimwambie mkewe kwamba yuko kwenye mikanda, mgodi mkubwa, juu ya ardhi, na kwamba kazi ni nyingi ndiyo maana haji. Nikamwambia nitasema. Akashuka.

Nilipita kwake Jumapili baada ya ibada. Mkewe alinikaribisha, akanitilia uji, akauliza habari za kazini, nikampa habari alizotaka. Alikuwa ametulia, ila nilipoaga alinishika mkono mlangoni, akanitazama machoni, akasema yeye ananiamini mimi kwa sababu mumewe amemwambia siku zote kwamba sijui kuongopa. Akaniuliza kama mumewe anashuka chini.

Nikamwambia hashuki.